Mbwa wa Mkandarasi na Jino la Dhahabu

Mtaji wa Jino ulikuwa mmoja tu: lile jino la dhahabu lililompa jina. Mdomo unaong'aa, alipenda kusema, hauulizwi maswali. Kwa hiyo alipomwona mkandarasi tajiri nje ya bucha na jibwa lake la ulinzi, akakumbuka kuwa mwenye kampuni ya walinzi anatafuta jibwa kama hilo, alitabasamu kwanza, akasalimia baadaye.

"Shikamoo mzee. Samahani, mbwa wako ana uvimbe mdomoni. Mimi nikitazama tu najua."

Ulikuwa uongo mtupu, wa papo hapo, na mwenyewe aliuonea fahari.

"Marahaba," mkandarasi akasema, ameshtuka. "Sasa tufanyeje, mwanangu?"

"Niachie wiki moja. Nina dawa ya mizizi."

Mkandarasi akamkabidhi mbwa, mnyororo na bakuli, akaingia garini na kutokomea bila kuaga. Jino angejiuliza mbona upesi hivyo, lakini mwenye tamaa hajiulizi.

Mwenye kampuni naye hakutaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia. "Twende kwanza kwa daktari wa mifugo."

Daktari, mama mmoja mwenye mikono mipana, akamfunua mbwa mdomo. Kwenye ufizi wa chini palikuwa na kinundu chekundu.

"Kumbe ni wewe!" akamwambia mbwa. "Mkandarasi nilimshauri upasuliwe. Akasema hagharamii, atatafuta mjinga wa kumtupia."

Mwenye kampuni alicheka mpaka akashika meza, kisha akaenda zake.

"Atapona?" Jino akauliza, akajishangaa mwenyewe.

"Nilimpiga picha ya mapafu, ni safi. Uvimbe haujasambaa. Nikiukata sasa, pamoja na kipande cha taya, ana miaka mizuri mbele yake. Ukingoja, uvimbe utakula mfupa, na hapo hata mimi sina la kufanya."

Jino akaelekea mlangoni. Mbwa akamfuata, akamlalia miguuni kana kwamba wamelelewa nyumba moja. Jino akamwonea huruma. Na huruma, kwa mtu wa kazi yake, ni ugonjwa mbaya kuliko uvimbe.

"Daktari, dhahabu mnapokea?"

Miezi ikapita. Mkandarasi akakutana nao sokoni: Jino na pengo lake, mbwa na taya pungufu, ulimi umening'inia upande, kanenepa, mkia hautulii.

"Kumbe kapona! Haya, nirudishie mbwa wangu."

"Wako alikuwa na taya nzima, mzee," Jino akamjibu kwa heshima zote. "Hebu mfunue huyu mdomo, uhakikishe mwenyewe."

Mkandarasi akanyoosha mkono. Mbwa akamwonyesha meno yote yaliyobaki, na mzee akakubali, mbele ya soko zima, kwamba amemfananisha.