Mwongozo wa Kuandika Ushindi wa Tekla kwa Staha

Wananchi wa Mbulu na Hanang, furahini! Kamati yangu imekamilisha mwongozo wa kuwasilisha mafanikio ya wachezaji wa sataranji katika makala za rejea. Huko nyuma watu walikuwa wanaandika tu nani kamfunga nani. Ushamba mtupu!

Tulianza na makala ya Tekla, binti wa Tumati anayewafunga watu wazima hata mnadani, ng'ombe wakiangalia. Wateuzi wa timu ya taifa walikuwa wanasubiri makala hiyo ili wajaze nafasi moja iliyobaki. Changamoto ikawa ya kimaadili: wote aliowafunga ni wakubwa wake. Nikiwemo mimi, Mwenyekiti Xavery.

"Shikamoo, Mwenyekiti," alisema alipoingia kikaoni.

"Marahaba, binti."

"Mbona mmefuta ushindi wangu wote?"

"Nani kafuta? Tumeupandisha ngazi. Mtu anayekuamkia shikamoo hawezi tena kukushinda kwenye maandishi. Mdogo akishinda, ni matunda ya malezi. Kwa hiyo ushindi unaandikwa kwa jina la mkubwa."

Mzee Hhando, mjumbe kutoka Bashay, akatikisa kichwa kukubali. Yeye alifungwa chai yake ikiwa bado ya moto.

"Sasa mimi nimeandikwaje?"

"Mshiriki mwenye adabu."

Machozi yakamlenga. "Mzee, nafasi ni moja tu. Nikiikosa hii, basi tena."

Nilimhurumia sana. Nikaagiza neno "adabu" liwekwe kwa herufi nene.

Kwa kuwa kamati ina mkubwa mmoja, wajumbe walinikabidhi na ushindi wao. Makala ilipotoka, nilikuwa sijawahi kufungwa maishani. Ilipendeza, jamani! Wateuzi wakapiga simu: wanamtaka yule bingwa wa Mbulu aende Babati, ukumbini, acheze mbele ya kamera na mgeni rasmi.

Nikaenda na suti. Mpinzani alikuwa mwalimu mpole. Nikamsogeza farasi moja kwa moja mbele.

"Mzee," mwamuzi akasema, "farasi haendi hivyo."

"Ni utaratibu mpya."

Ukumbi ukaangua kicheko. Jasho likanitoka hadi kwenye soksi. Nikamwona Tekla kwenye viti vya nyuma, nikamwita. "Mwanangu, kimenuka! Njoo ukae hapa, uniokoe."

Akaja, lakini hakukaa. "Waambie kwanza niliowafunga ni nani na nani. Wataje wote."

Nikachukua kipaza sauti. Aibu niliyoisikia siku hiyo simwombei hata adui. "Tekla alinifunga mimi," nikasema. "Alimfunga Mzee Hhando. Aliwafunga wajumbe wangu wote, na wazee wa Masakta." Wateuzi wakaanza kuandika. Nikarudisha kipaza sauti.

"Bado mmoja," Tekla alisema.

Mstari wa mbele, mgeni rasmi, aliyeusaini mwongozo wetu kwa mkono wake, alikuwa anatafuta miwani ambayo alikuwa ameivaa. Alinikazia macho na kutikisa kichwa taratibu kunikataza.

Nikamtaja, na cheo chake.