Ubongo wa Refa

"Jamani, kufa sasa ni kwa wasio na pesa!" Baridi aliingia na simu mkononi, hata salamu hakutoa. "Sikilizeni hii habari. Matajiri wakishakata roho, ubongo unatolewa, unagandishwa, unangoja sayansi ikue. Siku ikifika, wanaamshwa!"

Baridi ni fundi wa friji. Benchi letu liko mbele ya karakana yake, katikati ya majokofu yaliyokufa zamani, ndiyo maana habari yoyote ya kugandisha anaiona ya ukoo wao.

"Na umeme ukikatika?" nikamuuliza.

"Kuna mitungi maalumu, haitaki umeme."

"Friji ya mama mkwe wako imekushinda mpaka leo, halafu unajitia wakili wa mitungi ya watu!"

Mheshimiwa akakohoa. Huyu aligombea udiwani mara mbili, akapata kura ya mkewe, nayo mpaka leo ina utata. "Mimi hata kesho najiandikisha. Ubongo kama huu kuufukia ardhini ni hasara kwa taifa."

"Huo wako wataugombania," Baridi akasema. "Haujatumika. Bado uko kwenye nailoni yake."

Tukacheka mpaka kahawa ikamwagika. Refa naye akacheka, kwa kutuona sisi tunacheka.

Refa alichezesha mpira tangu ujana wake, na filimbi haijamtoka shingoni. Hapa kijiweni sheria ni moja: ubishi haufungwi mpaka apulize. Lakini ugonjwa wa kusahau umemwingia. Siku hizi anaisaka filimbi mifukoni, na yenyewe inaning'inia kifuani pake. Basi tunabishana tu, mpaka wake zetu watume watu kutuita.

Binti yake, fundi cherehani, akaja kumchukua. Futi ya kupimia nguo ilikuwa bado shingoni mwake. Safari hii hakumshika baba yake mkono, alisimama.

"Hayo mnayoyacheka yamenifika mimi," akasema. "Madaktari wanaomba baba akifariki wachukue ubongo wake, waukate vipande, wauchunguze ugonjwa huu. Wanataka jibu kesho. Baba zangu wadogo wamekataa, wanasema azikwe kamili."

"Na wako sahihi!" Mheshimiwa akaruka. "Siku ya kufufuliwa akiulizwa jina lake, atajibu na nini?"

"Jana aliniuliza mimi jina lake, Mheshimiwa."

Mheshimiwa akaangalia viatu vyake. Baridi hakumwachia.

"Si wewe uliyesema unajiandikisha kesho?"

"Wangu unagandishwa, narudi nao! Wake unakatwakatwa kama kitunguu."

"Kumbe ukitolewa ili urudi wewe, halali. Ukitolewa wapone wengine, haramu!"

"Usinibadilishie maneno. Suala hili ni zito. Napendekeza tuunde kamati, mimi niwe mwenyekiti..."

Hapo nikapandwa na hasira, sifichi. Tumekaa tunagawana kichwa cha mtu, na mwenye kichwa yuko hapo hapo anapuliza kahawa yake ipoe!

"Sikuja kuomba kura," binti akasema. "Nikikubali, ukoo utasema nimemuuza baba. Nikikataa... Bibi mzaa baba alisahau hivi hivi, akafuata baba. Na mimi juzi nimemshonea mteja shati, mikono yote miwili ya kushoto. Naogopa, ndugu zangu. Naogopa sana."

Nikamwambia, "Muulize mwenyewe, dada."

"Ataelewa?" Mheshimiwa akanong'ona.

"Wewe tumekuvumilia miaka yote huelewi," nikamjibu.

Binti akachuchumaa mbele ya baba yake. "Baba, madaktari wanaomba ubongo wako, siku ukituaga. Niwape?"

Refa akamtazama kama anayemtambua kwa mbali. "Wa kazi gani?"

"Wanataka kujua vitu vinapotelea wapi. Ili wengine wasipoteze."

Mzee akaweka kikombe chini. Akajipapasa mfuko wa shati, akajipapasa wa suruali.

"Wape," akasema. "Ila wakiiona filimbi yangu humo, wanirudishie."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Baridi aligeuka, akajifanya anafunga skrubu kwenye friji ambayo haina hata mlango. Binti akafuta macho kwa ncha ya futi yake, akaishika ile filimbi kifuani kwa baba yake, akamwekea mdomoni.

Refa akapuliza. Ndefu, ya mwisho wa mchezo, kama alivyokuwa akipuliza zamani.

Mheshimiwa alikuwa amekwishainua kidole, ana hoja ya nyongeza. Akakishusha, akachukua kofia yake. Tukaondoka sote, mapema kuliko siku zote.