Radhi Iliyokatwa Katikati

Kwa Bwana Randriamanalina,
Mwalimu Mkuu wa sekondari ya mtaani kwetu,
Ambositra, Madagaska.

Mheshimiwa,

YAH: SIFURI ALIYOPEWA MJUKUU WANGU

Naomba radhi kwa kukuandikia, maana mimi si mkubwa wa kukuandikia. Wako wakubwa zangu, nao wana wakubwa zao waliolala makaburini, na hao pia nawaomba radhi. Sasa naweza kuanza.

Mimi ni Ralaivao, msemaji wa shughuli. Hakuna posa wala mazishi upande huu wa mji ambayo sikuyasemea. Tangu mwaka jana namsaidia mjukuu wangu Miora kazi zake za Kiingereza: sarufi, insha, na sasa kuzungumza. Wiki iliyopita mwalimu wake, Bi Noroseheno, aliwataka wasimame mbele ya darasa na kueleza habari za mtu mmoja wa nyumbani kwao, kwa Kiingereza, kwa dakika mbili. Tulijiandaa siku nne. Nilimchagulia amsimulie babu wa babu yangu. Akapewa sifuri, na ikibaki hivyo atarudia darasa. Jambo hilo limeniuma sana, na malalamiko yangu ni haya:

1. Miora alianza kama mtoto aliyelelewa, kwa kuomba radhi ya kusema akiwa mdogo. Akawaomba radhi mababu, serikali, mapadri na wachungaji, kisha wanafunzi wa mbele, kisha wa nyuma. Alikuwa amefika kwa wale wanaokaa karibu na dirisha, Bi Noroseheno akatazama saa na kusema, "Dakika mbili zimekwisha, mwanangu. Huyo mtu wako yuko wapi?" Alikuwa njiani anakuja, Mheshimiwa.

2. Anayeombwa radhi hujibu. Mwalimu alipaswa kusimama, kuomba radhi za upande wake, ndipo amkaribishe msichana aendelee. Hakujibu hata neno. Nimeona posa zikivunjika kwa kosa dogo kuliko hilo.

3. Sarufi haikuwa na kasoro. Niliisahihisha mwenyewe kwa wino mwekundu.

4. Nilimfuata Bi Noroseheno sokoni, kwa heshima zote, akichagua nyanya. Nikamweleza kwa kirefu. Alinisikiliza mpaka mwenye nyanya akafunga meza. Kisha akaniambia, "Baba, Waingereza huanza na jambo lenyewe." Mheshimiwa, anayeanza na jambo lenyewe ni mtu anayepiga yowe la moto. Kama lugha yao ndivyo ilivyo, basi lugha hiyo ina upungufu, na mtoto wa watu asibebeshwe.

Kwa hiyo naomba Miora apewe saa mbili badala ya dakika mbili, na mwalimu aandae majibu yake mapema. Naomba pia wizara iwaandikie Waingereza, kwa upole, waongeze radhi katika lugha yao kabla ya mitihani ya Julai. Rasimu ya barua hiyo ninayo. Imefika ukurasa wa thelathini na bado iko kwenye salamu.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, walimu wote, mlinzi wa geti na wapishi. Bi Noroseheno naye msalimie, ila kwa ufupi.

Wako ninayejishusha,
Ralaivao

Baada ya kuandika: Nikiwa nafunga bahasha, Miora amerudi. Kumbe leo mwalimu kampa nafasi ya pili. Karatasi yangu aliiacha nyumbani, na amepata kumi na sita juu ya ishirini. Nimemshurutisha anieleze kwa lugha yetu alichosema. Alisema hivi: "Mtu wa nyumbani kwetu ni babu. Hajui Kiingereza hata neno moja. Tangu bibi afariki hana wa kuzungumza naye, ndiyo maana kila siku namwomba anisaidie kazi zangu." Haikufika dakika moja. Nimelia kidogo, sikufichi. Tafadhali ichane barua hii. Kesho ana insha ya Kiingereza, na ameshaniwekea kiti.