Mlango Usiofunguka kwa Ndani

Leo nimepatikana, jamaa zangu. Tena mchana kweupe, mbele ya Bwana Mkubwa wa majengo aliyetoka Tanga kuja kunipima.

Mnajua nilikoanzia. Handeni, kubeba matofali ya zahanati. Tangu hapo nimejenga wodi, majiko na vyoo vya hospitali, mpaka nikapewa usimamizi wa majengo hapa Korogwe. Sasa Handeni wanajengewa hospitali mpya na Bwana Mkubwa anatafuta msimamizi. Kazi hiyo naitaka kuliko chakula. Nirudi kwetu nikiwa mkubwa wa kazi, mama yangu anione!

Cha kumwonyesha kilikuwa chumba kipya cha maiti. Mlango niliutega uwe unajifunga wenyewe, nzi wasiingie. Kwenye ramani ulikuwa na mikono miwili ya kufungulia, wa nje na wa ndani. Wa ndani nikaufuta. Niliwaambia mafundi, "Wateja wa humu hawana safari ya kutoka." Tulicheka sana. (Kumbe najichimbia kaburi.)

Asubuhi nikaingia kuangalia kama mteremko wa sakafu utapeleka maji vizuri. Nyuma yangu mlango ukajifunga. Taratibu, bila kelele, kama nilivyoutengeneza. Nilijisifu kidogo kabla ya kukumbuka.

Giza. Tundu moja tu la hewa, juu kabisa. Baridi ya saruji mbichi ikanipanda miguuni. Macho yalipozoea nikaona meza, na juu ya meza shuka, na pembeni mwa shuka nyayo mbili za mtu. Hakuna aliyeniambia kuwa chumba kimeshapata mgeni! Baadaye nilielezwa ni mzee wa Kwashemshi, kafia wodini alfajiri, ndugu zake wako njiani.

Nikagonga. Nikasikia viatu vya Mzee Mhina, mlinzi wetu, vikisimama nje.

"Nani?"

"Mimi. Nifungulie."

(Jamani, hilo ndilo jibu la kutoa ukiwa chumba cha maiti?) Viatu vikaondoka mbio. Nikataja jina langu, nikaita lake. Viatu havikurudi. Hata kunguru wa nje walinyamaza. Mahali fulani maji yalikuwa yakidondoka, nami najua humo hamna maji, bomba lenyewe sijalipachika.

Hofu ilinimaliza akili, nikabaki na adabu tu. Yule wa mezani, kwa nyayo zile, ni mzee, nami nimeingia kwake bila kubisha hodi. Nikasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Sauti ya taratibu, ya mtu aliyechoka. Sikujua imetoka wapi na sikutaka kujua. Nikaupiga mlango kwa mikono, kwa miguu, kwa kichwa, nikimwita mama yangu aliyeko Handeni.

Mlango ulipofunguliwa nilitoka kifudifudi, nikatua kwenye viatu vya Bwana Mkubwa. Nyuma yake daktari, wauguzi na mafundi wangu wote. Mzee Mhina alisimama mbali, rungu mkononi. Nikamwuliza kama ni yeye aliyeniitikia shikamoo. Akaapa kwamba tangu aliposikia jibu langu yeye alikuwa getini, na wenzake wakamshuhudia. Daktari, kwa kunihurumia, akaingia kumpima mzee upya. Amekufa, hakuna shaka.

Bwana Mkubwa aliutazama mlango, kisha akanitazama mimi.

"Kumbe yuko anayetaka kutoka," akasema. Mafundi wakaangalia chini, mabega yakitikisika.

Kazi ya Handeni nimepewa, maana kosa aliloliona ni hilo moja tu. Ila kwa sharti: kesho asubuhi niupachike ule mkono wa ndani, mimi mwenyewe, si fundi. Na ndugu wa marehemu wametuma habari kwamba mvua imekata barabara ya mlimani, watafika keshokutwa.

Msinicheke. Mkono wa ndani haupachikwi na mtu aliye nje, kwa hiyo nauliza: kesho nani ananishikia mlango?