Mto Ngashanda Una Maji Septemba, Daftari Ni Shahidi

Ndugu Mhandisi Nathaniel,

Salamu kutoka Bujora. Sisi wakulima wa nyanya wa kando ya Mto Ngashanda tunalalamikia uamuzi wako wa kutunyima kibali cha kuvuta maji mwezi Septemba. Miche imekwisha kuota, nayo haisubiri vikao.

1. Ulitueleza kuwa zipo modeli mbili za kukadiria maji ya mto kila mwezi. Ya kwanza inauliza mvua na jua tu, nayo ikasema Septemba maji yapo. Ya pili inauliza udongo, mteremko, majani, hata ng'ombe wetu wanalala wapi, nayo ikasema mto utakauka. Ukaiamini hiyo mbea.

2. Modeli ya kwanza inalingana na daftari la vipimo vya mto la miaka sita. Ya pili hailingani nalo hata kidogo. Nimesoma falsafa, nimesoma sheria, nimesoma hata vitabu vya ufugaji wa kuku. Sijaona popote shahidi aliyekuwapo akishindwa na asiyekuwapo.

3. Mtaalamu wako alimwambia Selina, mwenye shamba la juu kabisa, "Mama, daftari lenyewe lina mashaka." Selina akamjibu, "Baba, daftari lina miaka sita. Wewe una dakika kumi, na buti bado zinang'aa." Sina la kuongeza.

4. Tunaomba modeli ya pili iombe radhi mbele ya mkutano wa kijiji, na izuiwe kukadiria mto wowote kuanzia hapa hadi Busisi.

5. Mto wenyewe ukithubutu kukauka Septemba, uhesabiwe kuwa umekaidi takwimu, nao uchukuliwe hatua.

Wasalimie wote ofisini, pamoja na huyo mwenye buti.

Ni mimi, nisiyeyumba mbele ya ushahidi,
Elias Mhoja
Katibu wa Wakulima

Nyongeza: Daftari hilo nalijaza mimi. Kila mwaka ikifika Julai nahamia Kiseke kwa binti yangu Modesta, na vipimo vya hadi Oktoba navijaza hukohuko: nachukua vya Juni, napunguza kidogo kidogo visitie shaka. Jana nilirudi kufuata muhuri wa barua hii. Nimevuka mto kwa viatu vya kanisani, vikajaa vumbi. Miche inanyauka. Naomba uiulize modeli ya pili, kwa heshima zote, tuchimbe kisima wapi.