Spika Iliyonianika Kabiro

Wapendwa wa kanisa letu hapa Kianda, Kibera, leo nimeanikwa. Nimeanikwa Kabiro kama matumbo juani, na aliyenianika ni mimi mwenyewe. Ketini niwaambie kabla hamjaambiwa na watu wabaya.

Mnamjua Kageha, mjukuu wangu, yule nimemlea tangu mamake aende Uarabuni kufanya kazi ya nyumba. Yule mwenye sauti. (Akiita paka hapa kwetu, paka wa Makina wanageuka.) Huyo mtoto anataka kuimba. Si kwaya, kwaya anaimba tayari. Anataka kuwa mwimbaji wa kweli, watu waketi chini wamsikilize yeye.

Sasa kuna mama huko Kawangware, upande wa Kabiro, anaitwa Mama Njambi. Amefungua hoteli mpya. Alikuwa anatafuta mtu wa kuimbia wateja kila Jumapili mchana, akamwambia Kageha: kuja siku ya kufungua, imba nyimbo tatu, wateja wakikupenda Jumapili ni zako. Wasipokupenda, kunywa chai uende.

Huyu mtoto amekataliwa mahali pengi. Mara ya mwisho alirudi nyumbani akajifunika blanketi mpaka kichwani, akaniambia kutoka huko ndani: "Shosh, nikikataliwa tena naachana na hii maneno. Naenda Uarabuni kwa mathe."

Nimeshatoa mmoja. Sina mwingine wa kutoa.

Basi tukajitayarisha. Nasema tukajitayarisha kwa sababu na mimi nilikuwa ndani. Nikampa tangawizi atafune. Nikampa yai bichi la kulainisha koo, akalitema kwa beseni ya nguo safi. Nikamwambia, nenda Kabiro kabla ya siku yenyewe, agiza chai kwa kibanda cha jirani, ukae uangalie ni watu gani wanapita pale. Mimi nauza mandazi. Sijawahi kukaanga kitu bila kujua nani atakikula.

Akaenda. Akarudi akasema ni wamama wa kufua nguo za watu, mafundi wa mjengo, na vijana wa boda. "Ni watu wamechoka, shosh."

"Basi wape kitu cha kurudi nacho nyumbani. Imba ile ya mamako."

Ile ya mamake, ya kuongea naye kwa simu ya video, Kageha ameitunga mwenyewe. Huiimba akiosha vyombo akidhani siisikii. Mimi hujifanya nakoroga unga huku machozi yananishuka. Akakataa katakata.

"Hiyo ni ya huzuni. Watu wanataka vaibu."

"Vaibu ni nini?"

"Ni... ai shosh, ni vaibu tu."

(Nimeuliza watu wengi. Hakuna anayejua ni nini, lakini kila mtu anaitaka.)

Wiki nzima akafanya mazoezi na spika ya kwaya, ile kubwa ya magurudumu, tuliyoazima. Anaweka muziki kwa simu yake, simu inatuma kwa spika bila waya, na yeye anashika maiki anaimba juu ya muziki. Akitoka, mimi naunganisha simu yangu na hiyo spika, naweka nyimbo za injili nikikaanga mandazi. Alinifundisha mwenyewe. (Hapo ndipo shetani alipitia, na mimi nikamkaribisha na mandazi.)

Na gauni. Gauni jekundu, mabega wazi, linang'aa kama samaki ametoka majini. Tuliliazima kwa mama wa mitumba, lirudi leo jioni bila doa, bila harufu, na karatasi yake ya bei bado iko shingoni. Hiyo ilikuwa siri yetu. Siri kabisa! Ndiyo maana asubuhi yote mtoto hakuketi, isipokuwa kwa boda.

Tukafika Kabiro na spika yetu. Hoteli imejaa. Baluni, viti vya kukodi mpaka nje kwa barabara, Mama Njambi mwenyewe na mwiko mkononi anasukuma watu na nyonga wapate nafasi. Mwanamke mkubwa, mcheshi. Akanipa sahani ya pilau kabla hata sijasalimia. Nikaketi nyuma kabisa, karibu na jiko, na mama mmoja kijana aliyebeba mtoto mgongoni.

Emsii wa sherehe akaita, "Pigieni makofi Keji wa Kibera!" (Keji ni Kageha. Mimi sikuulizwa.)

Akaanza ule wimbo wake wa vaibu. Jamani. Mtoto alifunga macho. Akayafunga kabisa, kama mtu anaoga na sabuni imemwingia. Akageukia ukuta. Anaimba habari za magari makubwa na ufuo wa bahari, na huyu mtoto hajafika hata Mombasa! Watu wakaangalia sahani zao. Mmoja akaanza kupiga hesabu ya mbao na mwenzake. Makofi yakawa mawili matatu, na matatu yalikuwa yangu.

Nikashindwa kuvumilia. Nikainamisha kichwa nyuma ya sufuria, nikafunika mdomo na kanga, nikawatumia ile voisi kwa grupu letu la simu. (Wengine hamjaifungua mpaka saa hii. Nawajua.)

Kageha akaanza wimbo wa pili. Katikati, muziki ukakatika. Tii-duu! Kimya. Simu yake ilikuwa imekufa. Alijirekodi tangu asubuhi, akijipaka lipstiki, akipanda boda, akishuka boda, chaji yote ikaisha kabla ya kazi. Akabaki amesimama na maiki kama mtu ameshikilia mzigo wa mwingine. Emsii akasema, "Mitambo, wapendwa, ni mitambo tu." Spika ikalia tena, tii-duu!

Mimi nikiona mambo mabaya huangalia simu, vile wengine huangalia viatu. Na mnajua tabia yangu: nikituma voisi lazima niisikilize tena, nijue kama nimeongea vizuri. Nikaibonyeza. Nikaweka simu sikioni.

Kimya. Haitoi sauti.

Nikaongeza sauti. Bado. Nikaongeza mpaka mwisho.

Wakati huohuo, mama fulani akaanza kuongea kwa spika. Sauti nzito, ya mwanaume mwenye mafua. "Sasa nyinyi. Niko hapa Kabiro na mambo ni mabaya." Nikafikiri, eh, kumbe wameleta mhubiri. Mama akaendelea: "Mtoto anaimbia ukuta. Ukuta una masikio kweli, lakini haujawahi kupiga makofi."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka! Nikamgusa yule mama wa mtoto mgongoni, nikamwambia, "Huyu ana maneno."

"Nimepewa pilau," spika ikasema. "Nyinyi mnaojua pilau, hii si pilau. Huu ni wali uliopita karibu na nyama wakasalimiana."

Hoteli ikalipuka. Mama Njambi akashusha mwiko. Mimi, mbwa mimi, nikatikisa kichwa nikasema kwa nguvu, "Hapo amesema ukweli!"

Halafu spika ikasema: "Na lile gauni mnalijua, ni la kuazima, karatasi iko shingoni, ndiyo maana mtoto haketi."

Damu ikanipanda. Nani amewaambia siri ya gauni? Nani? Nikasimama juu ya kiti. Ndiyo, kiti cha kukodi, na hii miguu yangu. Simu bado iko sikioni. Nikanyooshea spika kidole nikapiga kelele:

"Wewe mama! Huna adabu! Umezaliwa wapi? Achana na mtoto wa wenyewe!"

Spika ikakohoa.

Wapendwa, kile kikohozi nilikijua. Kile kikohozi nimelala nacho miaka mingi.

Watu wote waligeuka. Hata wa nje walichungulia ndani. Yule mama wa mtoto mgongoni akanivuta kanga polepole, akaniambia kwa upole vile mtu huambiwa ana msiba: "Shosho, ni simu yako." Kumbe ya Kageha ilipokufa, spika ilishika yangu.

Nikabonyeza. Nikabonyeza kila kitu. Nikawasha tochi. Nikapiga picha ya pua yangu. Voisi ikaendelea tu, na ile sehemu iliyobaki, Mungu wangu, ile sehemu sikutaka mtu asikie isipokuwa nyinyi na yule wa mbinguni.

"Baba," nikasema kwa spika, na sasa sauti yangu imekonda, "huyu mtoto akiaibika hapa leo ataondoka, na mimi nyumba itanimeza. Yeye ni mzuri, Baba, ni uoga tu. Kama kuna aibu umeandaa leo Kabiro, nipe mimi. Mimi ni mzee, nimezoea. Yeye mwache aimbe."

Kisha nikapenga kamasi. Hiyo pia ilitoka kwa spika.

Hata sufuria ziliacha kuchemka. Mimi niko juu ya kiti, tochi inawaka.

Halafu fundi mmoja wa mjengo kutoka kona akasema: "Shosho, umepewa!"

Yesu! Walicheka mpaka baluni mbili zikapasuka. Mtu alicheka chai ikamtokea puani. Mama Njambi alishika ukuta na mkono mmoja na tumbo na mwingine. Mimi nikatafuta shimo, lakini Mama Njambi ametia simiti kila mahali.

Nikamwangalia Kageha. Alikuwa anacheka. Anacheka na analia, lipstiki imefika kidevuni, na macho, wapendwa, macho yamefunguka! Kwa mara ya kwanza siku hiyo aliwaona wale watu, na wao wakamwona. Akainua maiki.

"Huyo ndio shosho wangu," akasema. "Na gauni kweli ni ya watu, so tafadhali msinimwagie chai."

Wakapiga makofi. Makofi ya kweli.

"Simu imezima, sina biti," akasema. Nikajua anaogopa. Kisha akauliza, "Nani hapa ako na mtu wake Uarabuni?"

Mkono mmoja ukapanda. Mwingine. Yule mama jirani yangu akainua wake, mtoto akalala mgongoni. Wamama wa kufua nguo, karibu meza nzima. Nikaona mwiko juu, kumbe ni Mama Njambi.

Basi akaimba ile ya mamake. Bila muziki. Pole pole, akitembea katikati ya meza, akiangalia mmoja mmoja usoni.

*Nionyeshe uso, mama, usinionyeshe dari,*
*neti ikikatika nitangoja papa hapa.*

Hakuna aliyeangalia sahani. Mara ya pili wakashika kiitikio wenyewe. Mara ya tatu fundi yule wa "umepewa" alikuwa anapiga meza na ngumi pole pole kama ngoma, kichwa chini. Kuna mama alitoa simu nikafikiri anarekodi. La. Alikuwa anapigia mtoto wake. Haikushikwa, akaiweka tu mezani katikati ya wimbo, iendelee kulia.

Mimi bado nilikuwa juu ya kiti. Hakuna aliyenikumbuka. Ilibidi fundi mwingine anishushe wimbo ulipoisha, akaniambia, "Pole mathe, umetuwakilisha."

Mama Njambi akaja amefuta macho na aproni. Akamshika Kageha mabega, akamwambia Jumapili ni zake, aanze hii inayokuja, na ule wimbo wa magari auache hukohuko kwa ukuta. Kisha akanigeukia. Nikaangalia vidole vyangu vya miguu.

"Na wewe cucu."

"Mama, naomba msamaha kwa ile pilau."

"Pilau tutaongea. Jumapili kuja, nitakuwekea kiti mbele. Lakini simu uache Kibera."

Tumerudi na miguu mpaka kule boda ziko, Kageha anavuta spika, mimi nimebeba mkia wa gauni usiguse matope. Gauni limerudi kwa mwenyewe, halina doa. (Kamasi zangu kidogo kifuani. Mwenyewe hakuona.) Njiani akaniuliza:

"Shosh, ile kitu ulisema kwa maombi. Kuhusu nyumba kukumeza."

"Nyamaza, utaharibu sauti. Una kazi Jumapili."

Akanishika mkono. Huyu mtoto hajanishika mkono njiani tangu aanze kuvaa sidiria. Tukatembea hivyo, spika nyuma yetu inagongagonga mawe, na watu wa Kabiro wanatupigia kelele kutoka milangoni, "Umepewaaa!"

Basi sasa mmejua. Chekeni leo, chekeni mshibe, lakini kesho nikipanga mandazi nataka nyuso za watu wa kanisa. Na kwa wale mna wajukuu wa kuimba, nawaachia hili: ukimwombea mtoto, omba kimoyomoyo.