Wapangaji wa Tumbo Langu na Kitanda cha Mama Mkwe

Kwa Daktari wa Zahanati ya Mtaa,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAJIBU YA KIPIMO CHANGU

Pole na kazi. Mimi ni yule fundi cherehani mwenye vidonda vya tumbo uliyempima juma lililopita. Sina ugomvi na kipimo. Ugomvi wangu ni kwamba ulinieleza majibu kinagaubaga mbele ya mke wangu.

1. Ulisema vidonda vyangu vimeletwa na bakteria. Daktari, kwa miaka mitatu nyumba nzima inajua vililetwa na maneno ya mama mkwe. Ndiyo maana alifunga virago akahamia kwa shemeji yangu, nami nikaingiza cherehani chumbani mwake. Kitanda chake sasa ndiyo meza yangu ya kukatia vitambaa.

2. Ulisema viumbe hao wamejipinda kama uzi uliofumuliwa kwenye mshono, wana vimkia, na hujichimbia kwenye ute unaofunika ukuta wa tumbo. Nilipouliza mbona asidi haiwaui, ukasema hutengeneza kitu cha kupunguza makali yake pale walipo. Mimi nikilamba ndimu natokwa machozi, wao wamepiga kambi humo bila kulipa kodi. Haya, hilo nimelimeza.

3. Lakini ukaongeza kwamba huenda niliwapata utotoni, nyumbani kwetu, pengine kwa mama yangu mzazi! Mke wangu alicheka hadi akashika meza yako. Tangu siku hiyo ananiuliza mama yake alikosa nini, tena mbele ya wateja.

4. Ulisema pia wana ndugu wanaoishi matumboni mwa paka na nguruwe. Sasa mke wangu anataka nimtajie mama mkwe wa paka.

Kwa hiyo naomba cheti chenye mhuri, kisemacho kwamba bakteria hawa hulala fofofo, na huamshwa na sauti ya mama mkwe hata akiwa chumba cha pili. Sayansi ikikataa, andika kwamba wa kwangu ni wa aina ya pekee. Na hilo nalo likishindikana, nipunguzie dozi, wabaki wachache wa kunitetea.

Wasalimie wauguzi wote, na yule mama wa maabara aliyepokea kikopo changu cha choo bila kukunja uso.

Wako mtiifu katika maumivu,
Fundi Cherehani

N.B. Barua hii ilikaa mfukoni hadi dozi ikaisha. Nimeimaliza yote, kwa sababu mama mkwe alirudi bila taarifa akanisimamia kila kidonge. Maumivu yamekoma. Cherehani iko barazani. Jana mama mkwe alikuja kwako kupimwa, akakutwa hana hata bakteria mmoja. Cheti sikihitaji tena. Ila ana mazoea ya kuonja supu yangu kwa kijiko changu, nisije nikaungua. Naomba unipime tena leo, daktari. Kama amebaki bakteria hata mmoja tumboni mwangu, atamwingia mama mkwe, nami naogopa.